Kumtafuta au kutomtafuta mpenzi wa zamani baada ya maafa: mwongozo wa kufikia uamuzi

Inapotangazwa habari ya tetemeko la ardhi, kimbunga, mafuriko au moto wa msituni, na eneo linalotajwa likawa ndilo anakoishi mtu mliyeachana naye, moyo hausubiri kuuliza kama bado una haki ya kuhangaika. Aliyekwisha kuifuta namba hugundua kwamba bado anaijua yote kwa kichwa, na aliyeapa kutomsemesha tena huanza kuandika ujumbe kabla hata habari haijamalizika kusomwa. Hakuna aibu katika hilo. Uliwahi kujua anaamka saa ngapi, anaogopa nini na mama yake anakaa wapi, na mambo ya namna hiyo hayamtoki mtu siku ile mnayoachana.

Hata hivyo, kuhangaika ni jambo moja na kuwasiliana ni jambo jingine. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule ambaye simu iko mkononi na hajajua afanye nini, awe aliachana na mchumba, na mpenzi wa miaka mingi, au ni mtalaka wake. Msimamo wangu niuseme mapema, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinautegemea: ujumbe anaotumiwa mtu aliyepatwa na maafa lazima uwe kwa ajili yake yeye, na kipimo cha kwanza cha hilo ni kwamba haumdai kitu chochote, hata jibu.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba uamuzi huu bado ni wako

Kabla ya kupima hisia zako, jiulize kama yeye hajakwisha kuamua. Ikiwa iko amri ya mahakama inayokukataza kumkaribia au kuwasiliana naye, maafa hayaitengui amri hiyo, na salamu za pole nazo ni mawasiliano. Amri za aina hiyo mara nyingi hukataza pia kumtuma mtu mwingine akufikishie ujumbe, kwa hiyo usimpe dada yako wala rafiki mzigo huo. Ikiwa hakuna amri lakini alikwambia waziwazi usimtafute, au alikufungia namba yako na kurasa zake, hilo nalo ni jibu, na bado linafanya kazi. Kutafuta laini nyingine ili umpate kwa mlango wa nyuma, katika siku ambayo amepoteza nyumba, ni kumwongezea hofu juu ya hofu.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi. Ikiwa wewe ndiye uliyeondoka kwa sababu ya kupigwa, kutishwa au kufuatiliwa, huna deni la kumjulia hali mtu huyo, hata kama dunia nzima inamsikitikia. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba ukatili baina ya wenza unaweza kuongezeka baada ya maafa, kwa kuwa watu wamepoteza riziki, wamesongamana mahali pamoja, na polisi pamoja na huduma za ulinzi wamezidiwa na kazi nyingine. Huruma ya kweli uliyo nayo leo inaweza kumfungulia mtu huyo njia uliyohangaika miaka kuifunga.

Na ikiwa ni wewe uliye katika eneo la maafa huku yeye akiwa ndiye wa kuogopwa, angalia ni nani anaweza kuona alama ya usalama unayoweka kwenye ukurasa wako, waombe wasimamizi wa kituo cha hifadhi wasitoe jina lako kwa anayekuulizia, wala usiwatajie marafiki mlio nao pamoja jina la kituo ulichopo. Wengi hutoa habari hizo kwa nia njema kabisa, wakidhani wanamsaidia mtu aliyejaa wasiwasi.

Hatua ya pili: Tafuta habari zake bila kumgusa

Maafa hayawapati watu wote kwa kipimo kimoja hata katika mji mmoja. Mafuriko hufuata mabonde na kingo za mito, moto hufuata upepo na ukavu wa majani, na tetemeko lile lile linaweza kuangusha mtaa mmoja na kuuacha mwingine umesimama kwa sababu ya udongo ulio chini yake na jinsi majengo yalivyojengwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ni wapi hasa palipoharibika, na kama yeye bado anakaa huko. Watu huhama, na inawezekana unalia juu ya mji ambao yeye aliuaga miaka miwili iliyopita.

Baada ya hapo, angalia kama amekwisha kutoa taarifa kwa wote. Facebook ilianzisha mwaka 2014 huduma ya mtu kujitangaza kuwa yuko salama, na huduma hiyo ilitumika sana katika tetemeko la Nepal la Aprili 2015. Japani ina mfumo wa miaka mingi zaidi: tangu 1998 mtu aliye katika maafa hupiga namba 171, akaacha ujumbe wa sauti unaofungamana na namba yake ya simu, na yeyote anayeijua namba hiyo huweza kuusikiliza. Mifumo hii imejengwa juu ya busara moja ambayo nakuomba uishike hadi mwisho, kwamba aliyepatwa aseme mara moja tu, na wote wanaomjali wasikie bila kumrudisha kwenye simu kila baada ya dakika tano.

Usipopata kitu huko, muulize mtu mmoja aliye karibu naye ambaye mliachana vizuri, kwa mfano ndugu yake au rafiki wa siku nyingi. Muulize kwa sentensi fupi: "Shikamoo dada, poleni sana na yaliyotokea. Naomba tu kujua kama wote mko salama. Si lazima umwambie kwamba nimeuliza." Sentensi ile ya mwisho ina maana kubwa, kwa kuwa bila hiyo umemgeuza dada wa watu kuwa mjumbe wako bila ridhaa yake. Muulize huyo mmoja tu. Ukiwauliza watano, hadi jioni yeye mwenyewe atakuwa ameambiwa mara tano kwamba unamtafuta.

Kwa waliopotezana kabisa, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu pamoja na vyama vya taifa vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu huwatafuta watu na kuwaunganisha na jamaa zao, kazi ambayo mizizi yake inafika hadi vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870. Huduma hiyo ni ya familia, kwa hiyo mtalaka mwenye watoto na mtu huyo ana hoja ya kuitumia, lakini mpenzi wa zamani asiye na uhusiano mwingine atafanya vyema kuwaachia ndugu zake wafungue maombi hayo. Jambo la kujifunza kwao ni hili: wanapompata mtu, hawatoi anwani yake kwa anayemtafuta mpaka mwenyewe akubali. Ikiwa wenye kazi hiyo huomba ridhaa kwanza, sisi tuliokwisha kuachana na mtu tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu.

Sasa tuseme umepata jibu kwamba yuko salama. Tulia, kisha ujichunguze. Wengi husikia mzigo ukishuka, na shughuli ikaishia hapo. Ikiwa umeambiwa yu mzima na bado mkono unakuwasha kuandika, basi kinachokusukuma si hali yake tena. Ni jambo jingine, na jambo hilo linastahili hatua yake peke yake.

Hatua ya tatu: Tenganisha hofu na mapenzi

Hatari humfanya binadamu atafute watu wake. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza aliyechunguza jinsi watoto wanavyofungamana na wazazi, alieleza kwamba hitaji la kuwa karibu na mtu unayemtegemea huamka zaidi pale tunapoogopa, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba watu wazima hawako mbali na watoto katika hilo. Mtu aliyewahi kuwa kimbilio lako kwa miaka sita atakujia akilini wakati wa hofu hata kama mliachana kwa sababu nzuri kabisa. Kumkumbuka huko kunaeleza historia yenu, wala hakuthibitishi kwamba mlikosea kuachana.

Hofu pia ina tabia ya kujivika sura nyingine. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha jaribio walilolifanya Kanada kwenye daraja la kamba la Capilano, linaloning'inia na kuyumba juu sana ya korongo. Wanaume waliohojiwa na mwanamke walipokuwa wakilivuka daraja hilo walielekea zaidi kumpigia simu baadaye kuliko wale waliohojiwa kwenye daraja imara lililo chini. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba moyo uliokuwa ukienda mbio kwa woga ulitafsiriwa kuwa ni mvuto. Jaribio moja halitoshi kueleza mapenzi ya watu, lakini yeyote aliyewahi kukesha akifuatilia habari za maafa anajua jinsi kifua kinavyodunda, na jinsi ilivyo rahisi kukipa mdundo huo jina la mtu.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka katika takwimu za ndoa. Kimbunga Hugo kilipiga jimbo la South Carolina, Marekani, Septemba 1989. Catherine Cohan na Steve Cole, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walilinganisha kaunti 24 zilizotangazwa kuwa maeneo ya maafa na kaunti nyingine za jimbo hilo, wakakuta kwamba mwaka uliofuata ndoa ziliongezeka, uzazi uliongezeka, na talaka nazo ziliongezeka, yote kwa pamoja. Watu waliosalimika waliharakisha maamuzi makubwa, lakini hawakuyaharakisha kuelekea upande mmoja. Kwa hiyo mtu anayesema "maafa yamenionyesha ninachotaka kweli" anasema kweli kuhusu nguvu ya hisia zake, ila mwelekeo wa hisia hizo bado haujapimwa na siku za kawaida.

Njia ya kujipima ni kuandika kwenye karatasi, wala si kwenye simu, ujumbe wote unaotamani kuutuma bila kujizuia, kisha kuusoma tena kesho yake. Pigia mstari kila sentensi inayomhusu yeye na hali yake ya leo. Zinazobaki zinakuhusu wewe: usingizi wako, majuto yako, swali ambalo hukulipata jibu mlipoachana. Hizo zina thamani, na huenda siku moja zikahitaji kuzungumzwa, lakini mtu anayekausha vyeti vyake vilivyolowa matope hana nafasi ya kuzipokea. Jiulize pia kama ungeweza kukaa mwezi mzima bila kujibiwa na usikasirike. Ukiona huwezi, usitume.

Ikiwa una mwenza sasa, mwambie kabla ya kutuma, na mwonyeshe utakachoandika. Ujumbe ambao hauwezi kusomwa na mwenza wako umekwisha kutoka katika salamu za pole.

Hatua ya nne: Chagua wakati

Katika saa za mwanzo mitambo ya simu huzidiwa, kwa kuwa minara mingine imeanguka au imekosa umeme, na kila mtu anapiga kwa wakati mmoja. Simu ya sauti hushikilia nafasi kwenye mtandao muda wote mnapoongea, wakati ujumbe mfupi wa maandishi huchukua nafasi ndogo sana, tena ukikosa njia husubiri kituoni hadi simu ya mpokeaji irudi hewani. Ndiyo sababu mamlaka za maafa katika nchi nyingi huwaomba watu waandike badala ya kupiga. Fikiria na chaji pia: mtu aliye juu ya paa na simu yenye asilimia tisa anahitaji asilimia hizo kwa ajili ya waokoaji na mama yake, na simu yako moja inayoita kwa muda mrefu inaweza kuzimaliza.

Kuna hali moja tu inayoharakisha mambo, nayo ni kwamba unajua kitu kitakachomwokoa mtu. Labda unajua kwamba anatumia dawa ambayo hawezi kuikosa siku mbili, au kwamba bibi yake asiyeweza kutembea hulala chumba cha nyuma kisichoonekana kutoka barabarani. Habari kama hiyo wape waokoaji au ndugu zake mara moja, ukitaja mahali kwa ukamilifu. Ni wao watakaoifanyia kazi haraka kuliko yeye.

Hali isipokuwa hiyo, mimi husema subiri. Siku tatu au nne si nyingi, na kwa kawaida huyatosha mambo mawili: habari za uhakika kupatikana, na kifua chako kutulia. Usihofu kwamba utakuwa umechelewa. Maafa hayaishi siku moja. Tangu mwaka 1894 mwanasayansi wa Japani Fusakichi Omori alionyesha kwamba mitetemo inayofuata tetemeko kubwa hupungua kadiri siku zinavyopita, lakini haikomi ghafla, na mmoja kati yake unaweza kuwa mkubwa. Nepal ilipigwa tarehe 25 Aprili 2015, ikapigwa tena kwa nguvu tarehe 12 Mei. Baada ya mafuriko, kazi ngumu huanza maji yakishakauka, wakati wageni na kamera wameondoka na kuta zimeota ukungu. Salamu inayofika wiki ya tatu, simu zilipokwisha kupungua, mara nyingi hupokelewa kwa moyo mweupe kuliko ile iliyofika ya hamsini katika siku ya kwanza.

Hatua ya tano: Andika ujumbe usiodai kitu

Ukishaamua kuandika, andika mara moja na uandike kwa ufupi. Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu hubeba herufi 160, na ukiongeza kikatuni kimoja cha uso uwezo huo hushuka hadi herufi 70 na ujumbe kukatwa vipande, jambo lisilofaa pale mtandao unapoyumba. Anza na jina lako, kwa kuwa huenda alikwisha kuifuta namba yako na hana nguvu za kukisia. Mfano wa ujumbe unaotosha ni huu:

"Ni Fulani. Pole sana kwa mafuriko yaliyowapata. Nakuombea usalama wewe na wote wa nyumbani. Usijisumbue kunijibu."

Utaona kwamba hauna alama ya kuuliza hata moja, na hilo limefanywa makusudi. Swali humtaka mtu afanye kazi, hata likiwa swali la upole. Sasa usome mwingine, wa aina ninayoiona ikipendekezwa mara kwa mara:

"Najua hatujaongea siku nyingi. Tangu nisikie habari sijalala. Nimegundua maisha ni mafupi, na pengine tuliachana kwa hasira tu. Tafadhali nijibu hata neno moja nijue uko hai, moyo wangu utulie."

Aliyeuandika hana ubaya wowote. Maumivu yake yanasikika. Lakini hebu usome kwa macho ya mpokeaji aliyelala sakafuni katika darasa la shule pamoja na familia nyingine. Sentensi ya kwanza inamkumbusha ukimya wenu. Ya pili inampa jukumu la usingizi wa mtu mwingine. Ya tatu inatonesha kidonda na kufungua upya kesi ya kuachana. Ya nne inamwamuru ajibu, na inamwambia sababu bila kuificha: ni ili moyo wa mwandishi utulie. Pole yenyewe haimo humo.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu wanaowahudumia waathirika, na moja ya maelekezo yake ni kutomlazimisha mtu asimulie yaliyompata. Lifuate hilo. Usiulize nyumba imekuwaje, usiulize nani amefariki, usiombe picha. Epuka pia maneno ya faraja yanayofunga mdomo, kama "mshukuru Mungu uko hai" au "vitu hununuliwa vingine", kwa kuwa ni yeye tu mwenye haki ya kuyasema.

Ukitaka kutoa msaada, taja kitu kimoja unachoweza kukifanya kweli, na umwachie njia rahisi ya kukataa. "Nikusaidieje?" ni swali linalompa kazi ya kupanga, wakati "Nina mahema mawili, nimemwachia kaka yako namba ya anayeyatunza" limekwisha kufanyika bila yeye kujibu. Kupitia ndugu ndiyo njia ninayoipendelea, kwa sababu msaada unafika na yeye habaki na hisia kwamba ana deni kwako. Na kama ndani ya nafsi yako unatarajia msaada huo umrudishe, peleka mchango wako kwa shirika la misaada linalohudumia eneo lote, nao utamfikia mtu anayeuhitaji.

Hatua ya sita: Baada ya kutuma, subiri bila kudai

Tiki mbili zitageuka bluu na huenda kisije chochote. Ukimya wa aliyepatwa na maafa una sababu nyingi, na nyingi kati yake hazikuhusu: simu imeazimwa, chaji imekwisha, au amesoma akiwa kwenye foleni ya maji. Usitume wa pili kuuliza kama wa kwanza umefika.

Akijibu "Asante, tuko salama", shukuru kwa neno moja na uishie hapo. Hilo ni jibu kamili, na aliyelitoa amekutendea hisani. Akijibu kwa kirefu na kuanza kusimulia, sikiliza, na umwache aongoze mazungumzo. Anaweza kuzungumza nawe usiku huo kwa sababu tu wewe hukuwapo na huna machozi yako mwenyewe ya kumwonyesha. Kesho yake anaweza asiandike tena, na usimhesabie kuwa amekuchezea. Mazungumzo ya kurudiana, hata yakianzishwa na yeye, yapelekeni mbele kwa miezi, mpaka atakapokuwa na mahali pa kulala na utaratibu wa siku. Mapenzi yenye msingi hayaharibiki kwa kungojea kiasi hicho.

Jihadhari na jambo moja la kawaida: jibu linaloomba pesa haraka kupitia namba mpya. Matapeli huzitumia siku za maafa kuteka kurasa za watu na kuandika kwa majina yao. Sikia sauti yake, au ya ndugu unayemjua, kabla ya kutuma kitu.

Mkiwa na watoto

Hapa hoja ya kuamua inaondoka, kwa sababu mzazi mwenzako ana haki ya kujua watoto wake wako wapi. Mwarifu siku ile ile, ukitaja mambo manne: walipo, hali yao, walio nao, na lini watazungumza naye. "Watoto wako salama kwa shangazi yao, hawajaumia. Watakupigia leo saa kumi na mbili jioni mtandao ukikubali" ni ujumbe uliokamilika. Usichanganye ndani yake malalamiko ya matunzo wala salamu za mapenzi, na usimtumie mtoto kama mchukuzi wa maneno kama "mwambie baba yako mama analia". Mtoto aliyeona maji yakiingia chumbani kwake ameshabeba ya kutosha. Mkiwa bado mnaelewana, kubalianeni mapema, kabla msimu wa mvua au wa vimbunga haujafika, ni jamaa gani aliye mbali atakayekuwa kituo cha habari kwa nyote wawili.

Ukiwa wewe ndiye uliyepatwa

Huna wajibu wa kumjibu kila anayejitokeza. Mpenzi wa zamani akikuandikia, unaweza kunyamaza, unaweza kuandika "Nimepata, asante", na unaweza kusubiri mwezi. Kama ni wewe unayetamani kumpigia, wapigie kwanza walio katika maisha yako ya sasa, hata kama unahisi hawatakuelewa kama yeye. Hamu hiyo ikibaki baada ya kuongea nao, irudie karatasi ile ya hatua ya tatu.

Suala gumu zaidi ni pale anapokukaribisha kwake, au pale nyumba yake inapokuwa ndiyo paa pekee lililobaki. Usikatae paa kwa ajili ya heshima ikiwa mahali hapo pana usalama, hasa ukiwa na watoto. Lakini zungumzeni siku ya kwanza kabla ya mizigo kuingia: utakaa hadi tarehe gani, utalala chumba kipi, utachangia nini, na muyaseme kwa kinywa yale ambayo kukaa kwako hakumaanishi. Aliyekaribishwa ana unyonge ambao hakuwa nao jana, na mwenye nyumba mwema atausema mpaka huo yeye mwenyewe ili mgeni asilazimike kuuomba. Endelea kutafuta mahali pengine kila wiki, na mtu mwingine ajue ulipo.

Habari ikiwa ni ya kifo

Inawezekana utafutaji wako ukaishia kwenye orodha ya marehemu. Huzuni ya aliyeachana na mtu ni ngumu kwa kuwa haina nafasi rasmi; watu watamfariji mjane, mzazi, mwenza wa sasa, na wewe hakuna atakayekuuliza. Huzuni hiyo ni halali. Mwambie mtu mmoja aliyewajua nyote wawili, na umwombe asikie tu. Tuma rambirambi kwa ndugu mmoja wa familia, bila kutaja mliyoyapitia, na umuulize yeye kama kufika kwako mazishini kutawafariji au kutawatia simanzi nyingine. Akisema usije, usiende siku hiyo. Kaburi unaweza kulizuru baadaye, watu wakishatawanyika.